Kanuni Huishi Miaka 10, Nani Hupima Ilichofanya?

*Sheria ya Kenya huitaka serikali ipime gharama na manufaa ya kanuni kabla ya kuitunga, kisha huiua kanuni hiyo baada ya muongo mmoja ili ijadiliwe upya. Kipimo cha kwanza hugombewa hadi mahakamani. Cha pili, ambacho ndicho chenye ushahidi, hakina wa kukitetea.*

MAKALA MAALUMU

Novemba 26, 2019, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali rufaa ya kampuni ya British American Tobacco Kenya dhidi ya Kanuni za Kudhibiti Tumbaku, ambazo Waziri wa Afya alikuwa amezichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali tangu Desemba 2014. Shauri lilianzia Mahakama Kuu, likapanda Mahakama ya Rufaa, na kufikia hukumu hiyo ya mwisho miaka mitano ilikuwa imekaribia kutimia tangu kanuni zitangazwe.

Muda huo una uzito wa pekee kwa sababu Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 21, huipa kila kanuni uhai wa miaka 10 tangu siku ilipotungwa, na baada ya hapo kanuni hujifuta yenyewe isipokuwa iwe imeongezewa muda. Kwa hesabu hiyo, kanuni za tumbaku zilitumia takriban nusu ya uhai wake huku uhalali wake ukibishaniwa.

Miongoni mwa hoja zilizopelekwa mbele ya majaji ni kama wadau walishirikishwa vya kutosha kabla ya kanuni kutungwa, hasa kuhusu masharti mazito kama mchango wa fidia wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku zinazotengenezwa au kuingizwa nchini. Mahakama iliona kwamba walishirikishwa, na ikatumia nafasi hiyo kuweka misingi ya ushiriki wa umma ulio wa kweli, usio wa kutimiza desturi tu.

Nyuma ya hoja hiyo kuna swali pana zaidi: serikali hujuaje kwamba kanuni inayotaka kuitunga, au kuihuisha, italeta manufaa yanayostahili gharama zake? Jibu ambalo mataifa mengi yamelichagua ni tathmini ya athari za kanuni, yaani uchunguzi wa maandishi unaoeleza tatizo linalokusudiwa kutatuliwa, njia zote zinazoweza kulitatua, na mzigo ambao kila njia ingewatwisha wananchi, wafanyabiashara na serikali yenyewe.

Chimbuko la kipimo

Utaratibu huu ulipata nguvu nchini Marekani mwezi Februari 1981, pale Rais Ronald Reagan alipotoa Agizo namba 12291 lililozitaka idara za serikali kuu zisitunge kanuni ila manufaa yake kwa jamii yazidi gharama. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alilifuta na kutoa Agizo namba 12866, lililolegeza kigezo kwa kutaka manufaa yahalalishe gharama, kwa kuwa baadhi ya gharama na manufaa ni vigumu kuwekewa tarakimu, huku likielekeza uchunguzi wa kina kwenye kanuni ambazo athari zake kwa uchumi zingefikia dola milioni 100 kwa mwaka.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo lilitoa mapendekezo yake ya kwanza kuhusu ubora wa kanuni mwaka 1995, na Tume ya Ulaya ikaanza kuufuata utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kuunda, mwaka 2015, bodi ya kukagua tathmini zake. Jimbo la Victoria nchini Australia, kwa sheria ya mwaka 1994, liliunganisha mambo mawili ambayo baadaye yangeonekana pia Kenya: taarifa ya athari kabla ya kanuni kutungwa, na ukomo wa miaka 10 baada ya kutungwa.

Kenya iliingia njia hiyo baada ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 94 inaeleza kwamba hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye mamlaka ya kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini ya Katiba au ya sheria. Waziri anapotunga kanuni anatumia mamlaka ya kuazimwa, na mwenye kuazima hudaiwa maelezo.

Kinachodaiwa na sheria

Sheria ya mwaka 2013 inasema kwamba kanuni inayoelekea kuibebesha jamii, au sehemu ya jamii, gharama kubwa sharti itanguliwe na taarifa ya athari. Kifungu cha 7 kinaorodhesha yatakayokuwamo: malengo ya kanuni, matokeo yake, njia nyingine zinazowezekana zikiwamo zisizohitaji kanuni yoyote, gharama na manufaa ya kila njia, na sababu za kuzikataa njia hizo nyingine.

Gharama na manufaa hayo hayaishii kwenye fedha, kwani sheria inataka pia athari kwa uchumi, mazingira na maisha ya jamii zipimwe, pamoja na gharama za kuisimamia kanuni na za kuitii. Waziri husika hutakiwa pia kuhakikisha kwamba ushauri huru kuhusu utoshelevu wa taarifa hiyo umepatikana na kuzingatiwa.

Tangazo la kuwapo kwa taarifa hiyo huchapishwa katika Gazeti Rasmi na katika gazeti la kawaida linaloelekea kusomwa na watakaoguswa, na wananchi hupewa muda usiopungua siku 14 wa kutoa maoni. Misamaha ipo kwa mambo kadhaa, lakini kanuni yenye gharama kubwa kwa watu wengi haikukusudiwa kupita katika matundu hayo.

> Waziri anapotunga kanuni anatumia mamlaka ya kuazimwa, na mwenye kuazima hudaiwa maelezo.

Hesabu ya muuza maziwa

Namna tathmini inavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika jambo dogo linalogusa wengi, kama biashara ya maziwa mabichi, ambayo hubeba sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya. Mwaka 2019 rasimu ya kanuni mpya za sekta hiyo ilizua malalamiko makali kutoka kwa wafugaji na wauzaji wadogo walioona kwamba wangezuiwa kumuuzia jirani maziwa yasiyosindikwa, na serikali ikalazimika kuisitisha.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika tu, kwamba kanuni inamtaka kila muuzaji mdogo awe na leseni ya shilingi 2,000 kwa mwaka. Ili aipate, anapoteza siku mbili za kazi zenye kipato cha shilingi 800 kila moja, na analazimika kununua mikebe ya alumini ya shilingi 6,000 itakayodumu miaka mitatu, yaani shilingi 2,000 kwa mwaka. Gharama yake kamili inafika shilingi 5,600.

Wauzaji wakiwa 50,000, mzigo wa mwaka unafika shilingi milioni 280, ilhali ofisi inayotoa leseni inaona shilingi milioni 100 tu zinazoingia katika hesabu zake. Kwa kila shilingi moja inayolipwa dirishani, shilingi moja na senti 80 nyingine hutumika mahali ambapo hakuna karani anayeziandika.

Kwa mtaalamu wa uchumi, zile milioni 100 za ada ni fedha zilizohama mfuko, kwa kuwa alichotoa mmoja amekipokea mwingine. Kinachopungua katika jamii ni siku za kazi na vifaa. Uholanzi ilifanya mbinu ya kuhesabu mizigo ya aina hii, kwa kuzidisha muda, bei ya muda huo na idadi ya wahusika, kuwa kielelezo kilichoigwa na nchi nyingi za Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Upande wa manufaa nao unadai uangalifu uleule. Kaya nyingi za Kenya huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na hivyo hatari ya vijidudu kama vya homa ya brusela huwa imekwisha kupunguzwa jikoni, lakini moto huo hauiondoi sumukuvu iliyotoka kwenye lishe iliyoota ukungu, wala hauondoi kikamilifu mabaki ya dawa alizotibiwa ng'ombe. Tathmini makini ingeuliza kama kanuni imlenge muuzaji wa mtaani au imlenge mtengenezaji wa lishe na muuzaji wa dawa za mifugo.

Njia mbadala pia haikuwa nadharia. Utafiti uliofanywa Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo kwa kushirikiana na taasisi za serikali ulionyesha kwamba wauzaji wadogo wakifundishwa usafi na kutambuliwa rasmi, ubora wa maziwa unaweza kuimarika bila kuwaondoa sokoni, na kuanzia mwaka 2004 msimamo wa serikali kuhusu wauzaji hao ukaanza kubadilika.

Pande zinazovutana

Wenye viwanda huitazama tathmini kama ngao. Februari 2017 Waziri wa Mazingira wa Kenya alipotangaza marufuku ya mifuko ya plastiki ambayo ingeanza miezi sita baadaye, Agosti 28, wawakilishi wa Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya walisema viwanda 176 vingefungwa na ajira 60,000 zingepotea, wakalalamika kwamba muda ulikuwa mfupi na mashauriano yalikuwa haba.

Watetezi wa mazingira walikuwa na hesabu yao pia, wakitaja mitaro iliyoziba na mifugo iliyomeza plastiki, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likakadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya pekee yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Marufuku ilianza kwa adhabu iliyoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, na mwezi Juni 2018 mahakama ikakataa ombi la kuibatilisha.

Mvutano huo unaonyesha kwa nini sheria inazungumzia ushauri huru. Idadi ya ajira zitakazopotea hutolewa kwanza na mwenye kiwanda, na ukubwa wa madhara hutolewa kwanza na anayetaka kuyazuia, hivyo msomaji wa taarifa anahitaji mtu wa tatu, asiye na hisa upande wowote, wa kuuliza kila takwimu ilipatikanaje na nini kingebaki kama ingepunguzwa nusu.

Katika jimbo la Victoria kazi hiyo ina kamishna wake, na huko Ulaya bodi ya ukaguzi inaweza kutoa maoni hasi na kuirudisha tathmini kwa walioiandika. Pale ambapo ofisi inayoitaka kanuni ndiyo inayoandika tathmini, na tena ndiyo inayoamua kwamba tathmini inatosha, hitimisho huelekea kujulikana kabla ya uchunguzi kuanza.

Wakosoaji wa utaratibu wenyewe wana shutuma nzito zaidi. Wanasema gharama za kanuni ni za leo, zina risiti, na huwaangukia wachache wenye mawakili, ilhali manufaa yake ni ya kesho na hutawanyika kwa mamilioni ya watu wasiojijua kuwa ndio watakaonufaika, na kwa hiyo mizani huinama hata kabla ya kitu kuwekwa.

Riba inayopima vizazi

Shutuma hiyo ina ushahidi wa kihesabu. Ili kulinganisha gharama ya leo na faida ya miaka mingi ijayo, wachumi hutumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayoishusha thamani ya fedha za baadaye kwa kila mwaka unaopita kabla hazijapatikana. Mwongozo uliotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2003 uliwataka wachambuzi wafanye hesabu mara mbili, kwa asilimia 3 na kwa asilimia 7.

Tofauti ya viwango hivyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Faida ya shilingi milioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 30 ina thamani ya takriban shilingi 412,000 leo kwa punguzo la asilimia 3, lakini hushuka hadi takriban shilingi 131,000 kwa punguzo la asilimia 7, na hakuna chochote kilichobadilika isipokuwa tarakimu moja aliyoichagua mchambuzi.

Kanuni za tumbaku ni za namna hiyo hasa: kiwanda hugharamika mwaka huohuo kwa kubadilisha pakiti na kulipa michango, na saratani iliyoepukwa huonekana miongo kadhaa baadaye. Anayesoma taarifa ya athari za kanuni ya afya au ya mazingira, kabla ya kutazama jumla iliyoandikwa mwishoni, anapaswa kutafuta kwanza kiwango cha punguzo kilichotumika na kama matokeo yanabaki yaleyale kiwango kikibadilishwa.

> Hakuna chochote kilichobadilika isipokuwa tarakimu moja aliyoichagua mchambuzi.

Bunge na ukimya wake

Baada ya kuchapishwa, kanuni hutakiwa kuwasilishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na isipowasilishwa hukoma kuwa na nguvu. Kamati inayoshughulikia sheria ndogo huipitia na inaweza kupendekeza ifutwe, lakini isipotoa taarifa ndani ya siku 28 kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti yote, na kwa hiyo ukimya wa wabunge huhesabiwa kuwa ridhaa.

Tanzania nayo ina Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo, ingawa msukumo wake mkubwa wa karibuni wa kupunguza mzigo wa kanuni ulitoka serikalini, kupitia mpango wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018. Mpango huo ulikosoa wingi wa taasisi zinazokagua jambo moja, na mwaka uliofuata usimamizi wa vyakula na vipodozi ukahamishwa kutoka mamlaka ya chakula na dawa kwenda Shirika la Viwango, TBS.

Mfano huo una somo: mzigo unaomlemea mfanyabiashara mara nyingi hautokani na kanuni moja mbaya, kwani huweza kutokana na kanuni nyingi ambazo kila moja, ikitathminiwa peke yake, huonekana nyepesi. Tathmini inayopima kanuni moja bila kuuliza zilizopo tayari zinadai nini haiwezi kuuona mzigo huo.

Kanuni inapohuishwa

Hapa ndipo ukomo wa miaka 10 unapokuwa na thamani ambayo haijatumiwa ipasavyo. Tathmini ya kanuni mpya, hata ikiandikwa kwa uaminifu, ni utabiri. Tathmini ya kanuni inayohuishwa inaweza kuwa ushahidi, kwa kuwa idadi ya leseni zilizotolewa, faini zilizotozwa, sampuli zilizofeli na biashara zilizofungwa ni mambo yaliyokwisha kutokea, na utabiri wa miaka 10 iliyopita unaweza kuwekwa kando yake na kulinganishwa.

Hata hivyo orodha ya kifungu cha 7 haitaji ulinganisho huo. Ofisi inayotaka kuihuisha kanuni inaweza kuandika malengo, njia mbadala na gharama kana kwamba muongo uliopita haukuwapo, na kishawishi cha kunakili maandishi ya zamani na kubadilisha mwaka ni kikubwa pale tarehe ya mwisho inapokaribia na nyongeza ya muda inayoruhusiwa ni ya mara moja, isiyozidi miezi 12.

Tatizo la pili ni la msingi wa kulinganishia, yaani hali ambayo kanuni hupimwa dhidi yake. Kwa kuwa sheria imekwisha kuamua kwamba kanuni itakufa, kilicho sahihi ni kuipima dhidi ya hali ya kutokuwapo kwake, ilhali mazoea huipima dhidi ya hali ya sasa na kuhitimisha kwamba kuihuisha hakuna gharama yoyote, kwa sababu hakuna kitakachobadilika.

Tatizo la tatu ni mgeuko wa maslahi. Kampuni iliyoipinga kanuni ilipokuwa mpya huwa imekwisha kununua mitambo, kuajiri wakaguzi na kuzoea fomu, na baada ya miaka 10 inaweza kuwa mtetezi wake mkubwa, kwa kuwa gharama ambazo yenyewe imezimaliza zimegeuka ukuta dhidi ya mshindani mpya asiye na mtaji. Kwa hiyo mashauriano yakiwaita waliomo sokoni pekee, kanuni inayolinda walio ndani itapata sifa kutoka kila kiti.

Tiba ya matatizo hayo huanza siku kanuni inapozaliwa. Taarifa ya athari ingeweza kutaja takwimu chache zitakazokusanywa kila mwaka, ofisi itakayozikusanya na kiwango ambacho kisipofikiwa kanuni itahesabiwa kuwa imeshindwa, na takwimu hizo zikachapishwa mapema kabla ya muongo kwisha, ili mfugaji, mwenye kiwanda na daktari wabishane juu ya jambo lililotokea badala ya kubishana juu ya matarajio.

Hilo lingewaongezea wadhibiti kazi, nao wana haki ya kusema kwamba bajeti zao ni finyu na kwamba si kila kanuni inastahili uchunguzi wa gharama kubwa. Jibu la kero hiyo ni uwiano: kanuni ya fomu na mihuri itoshelezwe na ukurasa mmoja, na uchunguzi wa kina ubakizwe kwa kanuni zinazogusa afya, chakula, ajira au kipato cha watu wengi.

Jaribio la mwisho la utaratibu mzima linaweza kufanywa na mwananchi yeyote baada ya zile siku 14 kwisha, kwa kulinganisha rasimu iliyoingia katika tathmini na ile iliyotoka. Ofisi ambayo katika muongo mzima haikuwahi kubadilisha sharti, kuchagua njia nyepesi zaidi wala kuiacha kanuni moja ife baada ya kuipima, itakuwa imetimiza matakwa ya kifungu cha 7 kwenye karatasi huku maamuzi yake yakifanywa kwa namna ileile iliyokuwapo kabla ya sheria hiyo kupitishwa.